Kipande Ulichokifunga kwenye Kanga

Hidaya mwanangu,

Nilikuwa nakaza mkono wa begi lako, ule uliolegea tangu uliporudi kwa shangazi yako, ndipo nikakiona. Hukukificha sana, au labda hukutaka kukificha. Kimefungwa kwenye ile kanga ya kijani ya mama yako, katikati ya sweta na madaftari. Sikuifungua kanga papo hapo. Nilijua ni nini kwa uzito wake tu, maana nimekishika kipande hicho cha ubao mara nyingi kabla hujakichukua wewe.

Mama yako yuko jikoni. Wewe umekwenda kuaga kwa kina Saumu, na kwa jinsi mnavyopenda kuongea hutarudi upesi. Ukungu umeshafika kwenye migomba, lakini mwanga bado upo, nami nimekaa kwenye benchi la mlangoni nakuandikia. Mambo ya kula, ya nauli, ya kutokukopesha watu nguo, mama yako ameyasema yote na kesho atayarudia mpaka gari liwashwe. Mimi nina jambo moja.

Juzi tulipokuwa tunapalilia maharage uliniambia huko chuoni kuna mashine ya kuvuta kitu mpaka kikatike, na ya kukipinda mpaka kivunjike, na kwamba inaandika nguvu iliyotumika. Ukasema, "Tate, nitawapelekea. Watakivuta, watajua si ubao, ni mzigo."

Nikakuuliza, "Na kama ni ubao?"

Ukasema, "Si ubao." Ukaendelea na jembe lako, ukanipa mgongo.

Nilinyamaza, kwa sababu ulikuwa unasema kwa mapenzi, na mimi nimekuwa mtu wa kunyamaza tangu kaka yako aondoke. Lakini sitaki uende na neno hilo.

Ulikuwa bado shule ya msingi nilipoacha kazi kule chini kwenye mashamba ya mkonge, upande wa Mombo. Kazi yangu ilikuwa kwenye korona, mashine inayokwangua jani la mkonge mpaka zibaki singa tupu, nyuzi zake. Nilikuwa narudi mwisho wa mwezi nanuka maji ya mkonge, wewe unaziba pua unasema, "Tate, kaoge kwanza, ndipo nikuamkie." Kaka yako Athumani anakuchapa kofi la mgongo: "Shikamoo haina pua, wewe!" Basi unaniamkia huku umeziba pua, sauti inatoka kama ya bata. Sijui kama unakumbuka. Mimi huwa nakumbuka vitu kama hivyo nikiwa nafanya mengine, nakamua ng'ombe au nafunga mlango.

Nilichokuja nacho kutoka kule kilikuwa magunia ya singa fupi zisizofaa kusokotwa kamba, na wazo. Nilikuwa nimeona Tanga mjini watu wakiyeyusha plastiki chakavu na kutengeneza nguzo za uzio. Nguzo zile hazikuoza wala mchwa hakuzigusa, lakini ukiziegemea zinapinda kama mgomba. Nikaifikiria nyumba ya bibi yako. Udongo peke yake hausimami ukawa ukuta. Fito peke yake hazizuii upepo. Ukitia fito ndani ya udongo, na udongo ukazishika, nyumba inasimama mpaka wajukuu wanazaliwa humo. Nikasema, singa zitakuwa fito, plastiki itakuwa udongo.

Wazo hilo halikuwa baya. Nakuambia kwa sababu watu wakishaona mwisho mbaya hudhani kila kitu kilianza vibaya. Mbao zetu za kwanza zilikuwa nzuri kweli. Tuliyeyusha madumu ya mafuta tu, tukitumia pipa lililokatwa. Singa zilikuwa zimekaushwa na jua la kule chini. Tulizitandika kwenye kalibu kwa urefu, zote zikielekea upande mmoja kama nywele zilizochanwa, tukamwaga plastiki, tukatandika tena, tukakandamiza kwa jeki ya lori. Moshi wake ulikuwa mbaya. Mama yako alituhamishia nyuma ya banda la mbuzi: "Kama mnataka kufa, kafieni mbali na sufuria zangu." Tulicheka wote watatu. Sasa hivi hakuna anayeweza kulikumbusha neno hilo humu ndani.

Athumani ndiye aliyekuwa anapiga jeki. Ubao ukishatoka kwenye kalibu na kupoa, anauinua upande mmoja, anaugonga kwa kifundo cha kidole, ametega sikio. "Huu unalia, Tate." Alikuwa na tabia hiyo tangu mdogo. Aligonga maboga, aligonga sufuria, alikugonga wewe kichwani akasema humo mna nafasi. Mimi niliona ni mchezo.

Ubao wa kwanza tuliulaza juu ya mawe mawili, vijana wakapanda wakarukaruka, naye akacheza juu yake hatua za harusini, amefunga shuka kiunoni. Ubao ukashuka kidogo, ukarudi. Watu wakapiga makofi. Ndipo tukaombwa madaraja mawili: hili letu, ambalo mboga zilikuwa zikilipita kwenda kwenye magari ya Lukozi, na lile dogo la kwa Bi Zaina. Magogo ya pale yalikuwa yanaoza, watu wamechoka kuyabadilisha.

Tuliombwa mwanzo wa masika. Ningeweza kusema tusubiri jua. Sikusema. Nilikuwa nimeshazoea kupigiwa makofi.

Unaijua masika ya huku. Nguo inakaa kambani mpaka inanuka, na bado haijakauka. Nilikuwa najua kwamba singa yenye unyevu haifai, kwa sababu plastiki ya moto ikiigusa, maji yanageuka mvuke na kuacha matundu ndani ya ubao. Nilijivunia kulijua hilo. Basi nikafanya ambalo mtu yeyote wa milimani angefanya kwa kitu anachotaka kikauke wakati wa mvua. Nikazipandisha singa darini, juu ya jiko, zikakaa pamoja na mahindi ya mbegu. Bibi yako alihifadhi mbegu pale maisha yake yote, na mama yake kabla yake. Moshi unapita, unyevu unaondoka, fukusi haingii.

Ziliposhuka zilikuwa zimekauka kabisa. Zilikuwa na rangi ya asali, zinateleza mkononi kama nywele zilizopakwa mafuta. Nilizipenda, Hidaya. Nilimwita mama yako aje azishike. Sikujiuliza ule utelezi umetoka wapi.

Ni masizi. Ni masizi na mafuta ya moshi. Kile kinachoikinga punje na fukusi ndicho kilichoikinga singa na plastiki. Kila uzi ulikuwa umevaa koti, na plastiki ikalishika koti, haikuushika uzi.

Na hilo halikuwa peke yake. Madumu yalikuwa yamepungua, wanunuzi wa plastiki chakavu walikuwa wameanza kuyapitia nyumba kwa nyumba. Nikachanganya na magunia ya salfeti yanayofungiwa viazi. Kwenye pipa vilionekana vimepatana, uji mmoja mweusi, unang'aa. Vilipopoa, kila kimoja kilirudi kwake. Nilikuja kuliona baadaye.

Siku tulipotoa ubao wa kwanza wa masika, Athumani aliugonga. Akaugonga tena mahali pengine. Kulikuwa na watu wa kitongoji wamekuja kuangalia kazi, wamejifunika makoti.

"Tate, huu haulii."

"Haujapoa."

"Umepoa. Njoo usikie. Unasema du, du, kama boga lililooza."

"Athumani, tunatengeneza daraja, hatutengenezi ngoma. Piga jeki."

Watu wakacheka. Na yeye akacheka, akarudi kwenye jeki. Mpaka leo linalonikaba zaidi ya mengine yote ni hilo, kwamba na yeye alicheka.

Tulizipima mbao zile kama tulivyozipima za kwanza, watu wakapanda wakarukaruka, zikavumilia. Nikaona inatosha. Sikujua kwamba mzigo wa dakika moja na mzigo wa kila asubuhi si mzigo mmoja. Kitu kinaweza kukubeba leo na kesho, huku ndani yake kinaachana kidogo kidogo bila kukuonyesha.

Hukuwepo siku ile. Ulikuwa bweni. Nimekusimulia vipande vipande na wewe hujawahi kuniomba nikusimulie vyote, nami nilikushukuru kwa hilo kimoyomoyo. Lakini ni haki yako.

Athumani alikuwa anaisukuma pikipiki juu ya daraja letu, hakuipanda. Kabichi zilikuwa nyuma, zimefungwa kama zinavyofungwa siku zote na kila mtu. Walikuwa wameshapita wenzake na mizigo kama ule ule asubuhi hiyo hiyo. Mimi nilikuwa ng'ambo namsubiri nishike nyuma, maana pale njia inapanda. Alikuwa ananiambia jambo kuhusu mbuzi aliyekata kamba, anataka kucheka kabla hajamaliza kulisema. Gogo likitaka kuvunjika linalia kwanza, linakupa nafasi ya kurudi. Ubao ule ulitoa sauti kama kitambaa kilicholowa kikichanwa. Basi. Akashuka nao, na pikipiki juu yake, kwenye mawe.

Tulipomtoa alikuwa bado anasema. Aliuliza kama pikipiki imeharibika. Nikamwambia haijaharibika. Ilikuwa imeharibika. Akasema, "Afadhali." Hatukufika hospitali.

Baada ya matanga nilishuka mtoni peke yangu nikauvuta ubao kutoka majini. Hidaya, singa hazikukatika. Zilichomoka. Upande mmoja zilikuwa zimening'inia ndefu, nzima, safi, kama ndevu za mzee. Upande wa pili yalikuwa matundu, kila tundu na singa yake. Nilishika moja kwa vidole viwili nikaivuta, ikaja yote kama uzi unaotoka kwenye tundu la sindano. Singa iliyoshikwa haifanyi hivyo. Iliyoshikwa inakatika, na inakatika ikiwa imebaki na plastiki mwilini. Na plastiki yenyewe ilikuwa inabanduka tabaka tabaka kama chapati, la dumu huku, la salfeti kule.

Nikakata kipande nikaja nacho nyumbani. Ndicho hicho ulichokifunga kwenye kanga.

Siku ya arobaini niliyasema yote haya mbele ya watu, hapa hapa uani. Ulikuwepo, umekaa na wanawake karibu na mlango. Wazee wakanikatiza kwa upole. "Baba Athumani, ni kadari. Usijitese." Mimi sibishani na kadari. Mwenyezi Mungu alimwita mja wake. Lakini singa juu ya jiko nilizipandisha mimi.

Ndipo wewe ukasema, "Mzigo ulikuwa mkubwa. Kila mtu anajua walikuwa wanapitisha mizigo mikubwa." Na uani pote watu wakashusha pumzi. Ndiyo, mzigo. Ndiyo, pikipiki. Vijana wa siku hizi hawapimi. Lilikuwa neno jepesi, kila mmoja akashika ncha yake akaondoka nalo nyumbani.

Najua kwa nini ulilisema. Uliuona uso wangu. Ulikuwa umeshampoteza mmoja, ukaogopa kumpoteza wa pili. Sina kinyongo nawe hata kidogo. Lakini nakuomba uliangalie neno hilo kwa upande wake wa nyuma. Kama ni mzigo, basi nani aliyeufunga? Kila unaponitetea mimi unamtia hatiani yeye. Na yeye hayupo kujibu. Yeye ndiye peke yake aliyewahi kuniambia kwamba ubao haulii.

Mama yako hajawahi kusema lolote, si kuhusu mzigo wala kuhusu ubao. Ila mwaka ule, wiki chache baada ya arobaini, nilirudi kutoka shambani nikakuta ameyateremsha mahindi yote ya mbegu kutoka darini, ameyaweka kwenye debe kule chumbani. Sikumwuliza. Mwaka ule mbegu yetu ililiwa na fukusi ikabaki unga. Tukaomba mbegu kwa majirani. Hakuyarudisha juu ya jiko, na mpaka leo pale darini hapakai kitu. Kwa hiyo usidhani hajui. Anajua kuliko sisi sote, na bado ananiwekea chakula.

Sasa nifike kwa Bi Zaina.

Daraja lake lilitoka kwenye singa zile zile na pipa lile lile. Halijaanguka kwa sababu mto wake ni mwembamba na pikipiki haipiti. Lakini limeanza kubonyea katikati, na mvua ikinyesha maji yanasimama pale kwenye bonde. Zamani ubao ukibonyezwa ulirudi. Huu haurudi tena. Bi Zaina anapita pale asubuhi na karoti kichwani na jioni na kuni, na siku za madrasa wanapita watoto.

Unakumbuka nilikwambia nataka kulikata. Ukasema, "Tate, usilikate. Ngoja nipime kwanza. Ukilikata, umeshakubali." Nikangoja. Kwa watu nilisema nangojea magogo. Kwa kweli nilikuwa nangojea kwa ajili yako, na kwa ajili yangu pia, maana nilipenda kidogo kusikia kwamba huenda si mimi.

Wiki iliyopita nilishuka kumwona. Nilimkuta anachambua mboga kizingitini.

"Shikamoo, Bi Zaina."

"Marahaba, Baba Athumani. Umekuja kuliangalia tena daraja langu? Mbona unaliviziavizia kama mchumba?"

Nikamwambia nataka kuliondoa, nimwekee magogo ya mkaratusi.

"Uliondoe? Mie na magoti haya niruke mto kama chura?"

"Magogo yatakaa siku hiyo hiyo."

"Magogo yanaoza."

"Yanaoza, Bi Zaina. Lakini yanaonyesha yakioza. Unaona uyoga, unaona gome linabanduka, unajua. Hili halitakuonyesha kitu."

Akaacha mboga. Akanitazama, akasema taratibu, siyo kwa utani tena, "Ukiliondoa watu watasema kweli ni wewe."

Nilimuaga. Nikapanda kilima, na njiani kote nilikuwa najisikia aibu ambayo sijawahi kuisikia, hata siku ya arobaini. Mwanamke yule, na magoti yake, alikuwa tayari kuendelea kupita juu ya singa za moshi ili jina langu libaki zuri. Na mimi nilikuwa nimemwacha apite. Nimemwacha kwa miezi, ili binti yangu aende chuo akiwa na kitu cha kutetea.

Mbao nimekosea mara moja, Hidaya, kwa kutokujua. Hili la Bi Zaina nimelifanya najua.

Kwa hiyo kesho, ukishapanda gari pale stendi na mama yako akimaliza kukupungia, sitarudi nyumbani moja kwa moja. Magogo mawili ya mkaratusi yapo tayari kule bondeni, nimeyamenya gome. Nitashuka na msumeno. Nimemwambia mama yako leo mchana. Akasema, "Beba na kamba, yasije yakateleza." Watu watayasema watakayoyasema. Utakapokuwa unakaribia Mombo, makorongoni pale unapoanza kuhisi joto, ujue kwamba daraja halipo. Sikutaka uje kuambiwa na mtu mwingine kwenye simu.

Na kipande nimekiacha pale pale begini. Sikunyang'anyi. Kipeleke kwenye mashine yako. Waambie wakivute, wakipinde, waandike. Sitaki tu uende nacho ukiwa umeshaamua kitakachosema. Ukimwendea shahidi na jibu mkononi utamsikia akisema unachotaka, hata kama midomo yake inasema kingine. Mimi nilimfanyia hivyo kaka yako mbele ya watu. Nilikuwa na daraja kichwani limeshakamilika, basi sikio langu halikuwa na kazi.

Kuna jingine, nilikuwa sijui kama nitaliandika.

Benchi hili ninalokalia ni la Athumani. Wewe ulilikuta likizo, ukafikiri tumelitengeneza wote. Hapana. Alilitengeneza peke yake, kiangazi kile baada ya madaraja, wakati daraja letu bado linapitisha watu na kila mtu ananisifu. Nilimwona anaziosha singa kwa maji ya majivu, ameziloweka kwenye beseni la mama yako, anazisugua kama anavyosugua sufuria iliyokaa motoni. Akazianika juani, juu ya majani ya mgomba. Akayeyusha madumu matupu, hakutia salfeti hata kipande. Nilipita pale nikasema, "Umekuwa dobi?" Akasema, "Najaribu tu, Tate." Nikaenda zangu shamba.

Majivu yanaondoa masizi, mwanangu. Kila mwanamke wa huku anajua. Alikuwa ameshaona ule utelezi na kujua umetoka wapi. Hakuniambia. Alishaniambia mara moja, na unajua nilimjibu nini. Labda hakuwa na hakika, labda alikuwa anangoja benchi lishuhudie ndipo aje kwangu. Na mimi nilikalia benchi lake kila jioni kiangazi kizima, nikinywa chai, wala sikumwuliza kwa nini aliosha.

Sijui mengi ya shule. Najua tu kwamba huko unakokwenda utakutana na watu wanaojua sana, na utakuja kuwa mmoja wao, na itafika siku mtu mdogo kuliko wewe atakuambia kitu chako hakilii. Utakuwa na haraka, na kutakuwa na watu wanaangalia. Sikwambii ufanye nini. Nakuambia tu sauti yake ilivyokuwa. Haikuwa ya ukaidi. Ilikuwa ya mtu anayeuliza.

Kabla sijaanza kuandika nilichukua msumeno, ule ule wa kesho, nikakata ncha ya benchi upande wa kushoto, pale lilipokuwa limezidi. Unga wake bado uko magotini mwangu. Nimeiangalia ile sehemu iliyokatwa. Singa zimekatwa sawasawa na plastiki, hazionekani zinapoanzia wala zinapoishia, huwezi kutoa hata moja kwa kucha. Nimekifunga kipande hicho kwenye kanga ile ile, pembeni ya kile kingine. Vipime vyote viwili. Wakikuuliza ni vya nani, cha kwanza sema ni cha baba yako. Cha pili sema ni cha Athumani, kaka yako, na uwaambie kwamba aliziosha kwa majivu.

Nakusikia unakuja, unacheka na Saumu kule kwenye mibuni. Naikunja karatasi nikaitie kwenye mfuko wa ndani wa begi.

Kabla ya kukifunga kile cha Athumani nilikigonga kwa kifundo cha kidole, nikatega sikio. Kinalia, mwanangu. Mpaka leo kinalia.

Baba yako